Waliotolewa Bodh Gaya, Wakajenga Sarnath

Tarehe 31 Mei 1891, mjini Colombo, kiliundwa Chama cha Maha Bodhi. Mwenyekiti wake alikuwa Hikkaduwe Sri Sumangala, mmoja wa watawa wasomi walioheshimiwa sana kisiwani Ceylon (Sri Lanka ya leo), na mwenye kukihangaikia usiku na mchana alikuwa kijana wa miaka 26 aliyejiita Anagarika Dharmapala. Shabaha ilikuwa Bodh Gaya, kaskazini mwa India, mahali ambapo kwa imani ya Wabuddha Siddhartha Gautama aliketi chini ya mti akapata utambuzi mkuu, akawa Buddha. Chama kilitaka kujenga makao ya watawa hapo, na ndani yake wakae watawa wa kila nchi ya Kibuddha: Japani, China, Siam, Burma, Tibet, Ceylon na nyinginezo.

Bodh Gaya hawakuipata. Walichokipata ni Sarnath, kwenye magofu yaliyokuwa malisho ya nguruwe. Historia ya chama hiki ni historia ya kazi iliyofaulu mahali ambapo waanzilishi wake hawakuielekeza tangu mwanzo, na kwa maoni yangu ndiyo sababu inastahili kusimuliwa kabla hekalu la Sarnath halijatimiza miaka 100.

Hali ya mambo ilikuwa hivi. Ubuddha ulizaliwa katika bonde la mto Ganges, ukaenea Asia yote, kisha ukatoweka nyumbani kwake. Majeshi ya Waturuki yaliyoivamia Bihar, eneo la Bodh Gaya, mwishoni mwa karne ya 12 yaliviharibu vyuo vikubwa kama Nalanda, lakini si kwamba waliyakuta mambo yamestawi. Kwa muda mrefu wafalme walikuwa wamepunguza misaada, na watu wa kawaida walikuwa wamekwisha kumwingiza Buddha katika ibada zao za Kihindu kama umbo mojawapo la mungu Vishnu. Kufikia karne ya 19, Mbuddha wa Ceylon aliweza kuvisoma vitabu vya dini yake vinavyotaja miji hiyo, ila angeifikia miji yenyewe asingekuta mtawa wa kumpokea.

Dharmapala alizaliwa Colombo mwaka 1864 kwa jina la Don David Hewavitharane, mtoto wa tajiri wa samani. Kama watoto wengi wa tabaka lake, alisomeshwa katika shule za wamisionari, akaijua Biblia vizuri na baadaye kuitumia dhidi ya wamisionari haohao. Mwaka 1880 alikutana na Henry Olcott na Helena Blavatsky, viongozi wa Jumuiya ya Theosofia waliofika kisiwani na kuupokea Ubuddha hadharani. Kijana aliacha kazi ya ukarani serikalini, akalibadili jina lake, akajivika hadhi ya anagarika, mtu asiye na makazi: hakuoa, hakumiliki nyumba, lakini pia hakuwa mtawa kamili. Hadhi hiyo ilimfaa sana. Mtawa wa Kitheravada, madhehebu ya Ceylon, hashiki fedha wala hazungukizungukii ofisi na mahakama. Dharmapala alifanya yote mawili kwa miaka 40.

Habari za Bodh Gaya alizipata kwa kalamu ya Mwingereza. Edwin Arnold, mshairi aliyeandika maisha ya Buddha katika The Light of Asia mwaka 1879, alizuru mahali hapo katikati ya miaka ya 1880, akasikitika na kuandika magazetini kwamba Wabuddha wangepaswa kurudishiwa hekalu lao. Dharmapala alisoma, na tarehe 22 Januari 1891 akafika mwenyewe, akiwa na mtawa Mjapani aliyeitwa Kozen Gunaratana. Akaligusisha paji la uso kwenye jiwe linaloaminika kuwa ndipo alipoketi Buddha, na hapohapo akaapa kutoondoka mpaka watawa wa Kibuddha wafike kupatunza.

Serikali ya Waingereza ilikuwa imekwisha kulikarabati hekalu lenyewe, mnara wa matofali wenye urefu wa zaidi ya mita 50, chini ya usimamizi wa Alexander Cunningham na J. D. Beglar. Mti wa Bodhi wa zamani ulianguka kwa tufani mwaka 1876, na Cunningham akapanda mche mwingine. Kilichobaki ni swali la nani mwenyewe. Dharmapala alimwendea mkuu wa wilaya ya Gaya, George Grierson, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa kuzipima na kuziainisha lugha za India. Jibu lilikuwa kavu: hekalu pamoja na mapato yake ni mali ya mahanti, mkuu wa monasteri ya Kihindu ya jirani, na mwenye kulitaka aongee naye kuhusu kununua.

Hapa wasimulizi wengi wa Kibuddha humgeuza mahanti kuwa jitu la kutisha. Mimi sioni hivyo. Watawa wa Kishiva wa ukoo wa Giri walikuwa wamekaa Bodh Gaya tangu mwishoni mwa karne ya 16, miaka 300 kabla ya kijana wa Colombo kuteremka pale. Mahujaji wa Kihindu wanaokwenda Gaya kuwaombea marehemu wao walizoea kufika mpaka chini ya mti wa Bodhi na kutoa sadaka zao. Kwao mahali palikuwa patakatifu, hapakuwa gofu lililotelekezwa. Mahanti wa wakati huo, Hem Narayan Giri, hata hakuwa mkali. Watawa wanne wa Ceylon walipofika Julai 1891 waliachwa wakae katika nyumba ya wageni iliyojengwa kwa fedha za mfalme wa Burma, na mahanti akakubali kuwaachia kipande kidogo cha ardhi. Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na wageni hawa hawakuja kulima, walikuja na madai ya nyumba nzima. Hem Narayan alifariki kabla mwaka haujaisha, na mrithi wake, Krishna Dayal Giri, hakuwa na subira hiyo.

Kosa jingine lilikuwa la kisiasa. Mwisho wa Oktoba 1891 Dharmapala aliitisha mkutano wa kimataifa wa Wabuddha hapo Bodh Gaya. Wajumbe Wajapani walisema Wabuddha wa kwao wako tayari kuchangia ununuzi, na bendera ya Japani ikapandishwa karibu na bendera ya Kibuddha. Ikatokea kwamba Luteni Gavana wa Bengal alikuwa anatembelea eneo hilo siku hizo. Mtawala wa kikoloni aliyeona bendera ya dola inayoinuka ikipepea katikati ya Bihar hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikataa kuwaona wajumbe, na tangu siku hiyo maofisa waliutazama mpango mzima kwa jicho la pembeni.

Chama kilihamishia makao Calcutta mwaka 1892, na Mei mwaka huo likatoka toleo la kwanza la jarida lake, The Maha Bodhi. Jarida hilo ndilo lililomfikisha Dharmapala Chicago mwaka uliofuata, kwa kuwa waandaaji wa Bunge la Dini za Dunia walikuwa wamelisoma. Huko alisikilizwa kwa hamu kubwa. Njiani kurudi, meli ilipotia nanga Honolulu Oktoba 1893, alikuja kumwona mjane mmoja tajiri, Mary Foster, binti wa mjenzi wa meli wa Kiingereza na mama mwenye nasaba ya machifu wa Hawaii. Mama huyu hakuja na swali la falsafa. Alitaka kujua namna ya kuizuia hasira yake. Walizungumza kwa muda mfupi, meli ikaondoka. Kwa miaka 37 iliyofuata Mary Foster aliendelea kutuma fedha: za shule, za zahanati, za ardhi, za jarida, za hekalu. Chama kilichokuwa na wafalme, mabalozi na matajiri wa Asia katika orodha ya marafiki zake kilitunzwa hasa na mwanamke mmoja wa visiwani ambaye hakuwahi kuliona hekalu alilolijenga.

Kutoka Japani, katika safari hiyohiyo, Dharmapala alibeba sanamu ya kale ya Buddha aliyokabidhiwa ipelekwe Bodh Gaya. Alfajiri ya 25 Februari 1895 aliiweka kwenye chumba cha juu cha hekalu, akaanza ibada. Watu wa mahanti wakapanda, wakaichukua, wakaiteremsha uani. Kesi ikafunguliwa. Hakimu wa Gaya aliwatia hatiani baadhi ya watu wa mahanti kwa kuvuruga ibada. Mahakama kuu ya Calcutta ikaifuta hukumu hiyo mwaka huohuo. Sanamu ikahifadhiwa katika nyumba ya wageni ya Waburma, na hapo napo mahanti akaenda mahakamani kutaka iondoke pamoja na watawa wake. Mwaka 1910 shauri likaisha, na chama kikatolewa hata kwenye nyumba hiyo. Miaka 19 ya barua, mawakili na michango, na watawa wakabaki nje ya lango.

Sarnath iko kilomita kama 10 kutoka mjini Varanasi. Hapa ndipo, kwa masimulizi ya Kibuddha, Buddha alipowafundisha wenzake watano kwa mara ya kwanza baada ya kupata utambuzi. Kwa maneno mengine, ndipo jumuiya ya watawa ilipoanza. Kama Bodh Gaya ilikuwa na wenyewe wengi, Sarnath haikuwa na mwenyewe hata mmoja wa kuililia. Mwaka 1794 Jagat Singh, ofisa wa mtawala wa Benares, yaani Varanasi, alituma watu wabomoe stupa (kilima cha matofali cha kuhifadhia masalia) ya Dharmarajika ili matofali yakajenge soko mjini. Ndani walikuta kasha lenye mifupa iliyoaminika kuwa masalia matakatifu. Mifupa ikatupwa mto Ganges, matofali yakaenda sokoni. Baadaye, katika karne ya 19, sanamu na mawe ya kuchonga kwa mikokoteni yalitumbukizwa mto Varuna kukinga nguzo za daraja. Stupa ya Dhamek, pipa kubwa la mawe na matofali lenye kipenyo cha mita 28, ilisalimika kwa sababu kuibomoa kulikuwa kazi ngumu mno. Dharmapala alipopita hapo mara ya kwanza, Januari 1891, alikuta wafugaji wa nguruwe wakilitumia eneo lote.

Akanunua ardhi kidogo kidogo mwanzoni mwa karne ya 20. Hapakuwa na mahanti wala kesi. Serikali nayo ilikuwa imeanza kupathamini mahali penyewe: mwaka 1905 uchimbaji wa F. O. Oertel ulikiibua kichwa cha nguzo ya mfalme Ashoka chenye simba wanne, ambacho tangu 26 Januari 1950 ni nembo ya Jamhuri ya India na kimechapwa kwenye kila noti ya rupia. Kuwa na Wabuddha hai karibu na makumbusho ya Kibuddha kuliwapendeza wakubwa. Gavana wa majimbo ya eneo hilo, Harcourt Butler, ndiye aliyeweka jiwe la msingi la hekalu tarehe 3 Novemba 1922. Dola ileile iliyowatilia shaka Bodh Gaya iliwashika mkono Sarnath, na gharama yake kwake ilikuwa ndogo: hapakuwa na mwenye mali wa kumuudhi.

Ujenzi ulichukua miaka tisa. Fedha zilikwama, zikaja, zikakwama tena. Mary Foster alifariki Desemba 1930. Hekalu la Mulagandhakuti lilifunguliwa tarehe 11 Novemba 1931 mbele ya wageni wa nchi nyingi, na Idara ya Mambo ya Kale ya India ikakabidhi masalia yaliyochimbwa kaskazini-magharibi mwa India ya wakati huo ili yawekwe ndani. Ulipandwa mche wa mti wa Bodhi kutoka Anuradhapura, Ceylon, ambao wenyewe ni mzao wa mti wa Bodh Gaya uliopelekwa kisiwani zaidi ya miaka 2,000 kabla. Mche wa asili hiyohiyo Dharmapala alikuwa amempelekea Mary Foster, na ungali bustanini kwake Honolulu. Dar es Salaam nayo inao mti wa ukoo huo, uani mwa hekalu la Wabuddha lililojengwa na Wasinhala waliohamia mjini humo mwanzoni mwa karne ya 20. Wapita njia wengi hawajui wanapita mbele ya nini.

Mwaka 1932 msanii wa Kijapani, Kosetsu Nosu, alifika kuchora maisha ya Buddha kwenye kuta za ndani, akaimaliza kazi mwaka 1936. Dharmapala hakuiona ikikamilika. Mwaka 1931, akiwa mgonjwa, aliiacha hatimaye hadhi ya anagarika na kuwa mtawa mwanafunzi. Januari 1933 akapata daraja kamili, na tarehe 29 Aprili akafa palepale Sarnath, akiwa na miaka 68. Inasimuliwa kwamba aliomba azaliwe tena mara 25 ili aendelee kuieneza dini. Kwa dini ambayo lengo lake ni kutozaliwa tena, ombi hilo linamweleza mtu huyu kuliko wasifu mrefu.

Historia ya taasisi isiyotaja doa la mwasisi wake ni tangazo tu. Dharmapala aliyehubiri upole India aliandika Ceylon kwa ukali kuhusu wafanyabiashara wageni, Waislamu wakiwemo, akiwaita wanyonyaji wa Wasinhala. Mwaka 1915 ghasia zilizuka kisiwani, Waislamu wakapoteza roho na maduka. Yeye hakuwa nchini, lakini Waingereza walimzuia Calcutta kwa miaka kadhaa, na ndugu yake Edmund alifungwa akafia gerezani Jaffna. Serikali ilizidisha ukatili, hilo linajulikana. Hata hivyo maneno yake hayakufa naye. Wazalendo wa Kisinhala wa vizazi vilivyofuata wameyarudia mara nyingi, na si kwa heri.

Tatizo la Sarnath lilikuwa jingine. Kwa miaka mingi ilikuwa makao ya wageni: watawa wa Ceylon, michoro ya Mjapani, fedha za Hawaii, hotuba za Kiingereza. Mkulima wa kijiji cha jirani alipata zahanati na shule, dini akaiacha ilivyo. Lango lilifunguliwa na Wahindi wenyewe. Rahul Sankrityayan, Anand Kausalyayan na Jagdish Kashyap, wote wasomi wa Kihindi, walikwenda Ceylon kujifunza Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, wakarudi na kukaa au kuchapisha Sarnath. Katika miaka ya 1930 chama kikatoa kwa Kihindi maandiko makubwa ya Kipali, Majjhima Nikaya na Digha Nikaya. Baada ya karne nane, mtu wa bonde la Ganges aliweza kusoma mafundisho ya Buddha kwa lugha anayoizungumza sokoni. Naiona kazi hiyo kuwa kubwa kuliko jengo.

Mwaka uleule wa 1891 alifika India kijana kutoka Arakan, pwani ya Burma, ambaye baadaye alijulikana kama Chandramani. Yeye alikwenda Kushinagar, mahali alipofia Buddha, akajiunga na Mahavir, Mhindi aliyekuwa ameupokea utawa, akabaki hapo maisha yake yote. Hakuwa na umaarufu wa Dharmapala, hakusafiri Chicago. Lakini tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, B. R. Ambedkar, kiongozi wa watu waliohesabiwa kuwa wasioguswa, alipoamua kuuacha Uhindu pamoja na mamia ya maelfu ya wenzake, aliyempa viapo vya Kibuddha alikuwa mzee Chandramani. Katibu Mkuu wa Maha Bodhi, Devapriya Valisinha, alikuwepo.

Ambedkar hakuwa shabiki wa chama. Kilimkera kwa sababu viongozi wake wa India walikuwa Wabrahmini, na alikuwa na hoja: rais wake tangu miaka ya 1940 hadi kifo chake mwaka 1953 alikuwa Syama Prasad Mookerjee, aliyewahi kuongoza Hindu Mahasabha na mwasisi wa Bharatiya Jana Sangh. Chama kilichozaliwa kwa ugomvi na mahanti wa Kihindu kiliongozwa na mwanasiasa wa Kihindu wa mrengo mkali. Wenyewe walijitetea kwamba bila watu wazito wa Calcutta wasingepata chochote. Hata hivyo, Wabuddha wengi wa India leo ni watoto na wajukuu wa watu wa Nagpur, si wa mikutano ya Calcutta.

Bodh Gaya nayo ilipata suluhu yake, ya nusunusu. Chama cha Congress kilimtuma Rajendra Prasad kuchunguza shauri hilo katika miaka ya 1920, na baada ya uhuru jimbo la Bihar likapitisha sheria ya mwaka 1949: kamati ya Wabuddha wanne na Wahindu wanne, mkuu wa wilaya akiwa mwenyekiti. Hekalu lilikabidhiwa kwa kamati hiyo tarehe 28 Mei 1953. Kifungu kilichotaka mwenyekiti awe Mhindu kilirekebishwa mwaka 2013, lakini mgawanyo wa viti haukuguswa. Leo mji umejaa mahekalu ya Thailand, Japani, Burma, Bhutan, Vietnam na Watibeti, kila taifa na lake, jambo linalokaribia ndoto ya 1891. Mwaka 2025 watawa waliandamana wakidai sheria ifutwe na hekalu lote liwe mikononi mwa Wabuddha. Madai ni yaleyale ya Dharmapala, ila safari hii walioyabeba wengi ni raia wa India.

Tarehe 11 Novemba 2031 hekalu la Mulagandhakuti litatimiza miaka 100. Msomaji anayefikiria kwenda asingoje mwaka huo: kila Novemba, siku za mwezi mpevu wa Kartik, masalia hutolewa na kuonyeshwa kwa watu wote, wa dini yoyote.